Mtaa Wenu Umetajwa Kubomolewa? Mwongozo Kamili kwa Wapangaji wa Nyumba za Kaunti Nairobi

Kwanza huja watu wa kupima. Wanaingia asubuhi na mapema wakiwa na futi na vigingi, wanapiga picha mapaa, wanaandika namba ukutani kwa rangi nyekundu, na ukiwauliza wanakuambia wao wametumwa tu. Wiki mbili baadaye, kwa kinyozi, unasikia kwamba mwekezaji ameshapatikana. Mwezi ukiisha mwakilishi wadi anaitisha mkutano, na hapo ndipo wapangaji wengi wanapouliza swali lao la kwanza. Wamechelewa, lakini mambo hayajaharibika.

Mwongozo huu nimewaandikia wanaoishi katika mitaa kama Jericho, Maringo, Bahati, Ziwani, Kariokor, Kaloleni na mingineyo ya umri wao. Mingi ilijengwa enzi za ukoloni kuhifadhi wafanyakazi wa mji: chumba kimoja au viwili, ukuta wa mawe, choo cha kushirikiana. Kuta bado zimesimama imara. Kilichokufa ni mabomba ya majitaka, nyaya za umeme na mapaa, na kaunti inasema haina pesa za kuvifufua. Ndipo unapoingia ubia: kaunti inatoa ardhi, mwekezaji anatoa pesa, nyumba za zamani zinaondoka na maghorofa yanapanda.

Mimi siupingi ubia. Nimekulia kwenye nyumba ya vyumba viwili tukiwa watu tisa, na najua ilivyo kusubiri choo saa kumi na moja alfajiri huku mvua ikinyesha. Ninachopinga ni mpangaji kufunga virago akiwa na ahadi ya mdomo. Na kabla hata ya ahadi kuna kitu kikubwa zaidi, ambacho watu wanakipuuza kwa sababu hakina fahari: orodha. Anayeshika orodha ya wakazi ndiye anayeamua nani atarudi. Tuanze nayo.

Hatua ya 1: Andikeni orodha yenu kabla ya kuja ramani ya mtu mwingine

Kaunti ina daftari lake la kodi. Daftari hilo linasema nyumba fulani ni ya mzee fulani. Mzee huyo alifariki miaka kumi na tano iliyopita. Anayeishi humo ni binti yake na watoto, na kodi analipa yeye kila mwezi kwa jina la marehemu. Nyumba ya pili, mwenye kadi ya kodi, yaani aliyeandikishwa na kaunti kama mpangaji, alirudi kijijini akamwachia mpwa wake. Nyumba ya tatu, mwenye kadi yupo, ila nyuma ya nyumba kuna vibanda vinne vya mabati, kila kimoja kina familia inayomlipa yeye. Hii ndiyo mitaa yetu. Siku ya kuhesabu, ikiwa karatasi pekee iliyopo ni daftari la kaunti, binti wa marehemu ni mvamizi na familia nne za vibandani hazipo duniani.

Chukueni daftari kubwa la mistari. Kwa kila nyumba andikeni: namba ya nyumba, jina lililo kwenye kadi ya kodi, jina la anayeishi humo na uhusiano wake na mwenye kadi, mwaka alioingia, idadi ya watu, na kati yao wazee, wagonjwa na wenye ulemavu, deni la kodi kama lipo, biashara inayofanyika pale, iwe cherehani, kibanda cha mboga au karakana, na vibanda vya nyuma, kila kimoja kwa jina la anayeishi humo. Msiache kitu kwa sababu kinaleta aibu. Deni lisiloandikwa litaibuliwa na mtu mwingine kwa wakati wake.

Kila ukurasa uwekwe tarehe na sahihi za watu watatu: anayeishi kwenye nyumba iliyoandikwa, mjumbe wa safu hiyo, na shahidi wa safu nyingine. Tengenezeni nakala nne. Moja ikae kwa wakili au ofisi ya msaada wa sheria, moja kanisani au msikitini, moja kwa katibu, na moja ipelekwe idara ya nyumba ya kaunti, igongwe muhuri wa kupokelewa, nanyi mbaki na nakala yenye muhuri huo. Muhuri ule wa tarehe ni wa thamani kubwa, kwani unathibitisha kwamba majina yalikuwepo kabla mradi haujaanza, kabla hawajajitokeza wapangaji wapya ambao hakuna jirani anayewajua. Namba za vitambulisho zibaki kwenye daftari tu. Kuzimwaga kwenye kikundi cha WhatsApp ni hatari kwa kila mmoja wenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata ninyi mnaokusanya.

Wenye nyumba iliyo kwa jina la marehemu waanze leo kutafuta karatasi: cheti cha kifo, barua ya chifu, risiti za kodi za miaka yote waliyolipa. Ombeni kaunti ibadilishe jina. Ikikawia, barua yenu ya maombi yenye muhuri itawafaa baadaye. Na wenye madeni waombe kulipa kidogo kidogo kwa maandishi, maana sababu rahisi kuliko zote ya kumfuta mtu kwenye mradi ni deni.

Sasa kuhusu wapangaji wa vibandani. Hapa ndipo mitaa hugawanyika, nami sitaficha msimamo wangu: waandikwe. Si lazima wapewe haki sawa na mwenye kadi, lakini wawe na orodha yao, Orodha B, yenye kudai angalau pesa za kuhama na nafasi ya mbele katika kununua nyumba za bei nafuu za mradi. Mwenye kadi anayehofia kwamba watampunguzia fungu lake afikirie mwekezaji atafanya nini na familia mia tatu zenye hasira zilizoachwa nje. Atazipa ahadi ndogo, na zitakuja mkutanoni kumpigia makofi.

Hatua ya 2: Chama

Hili nitalipita upesi. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inatoa njia. Chagueni mjumbe mmoja kwa kila safu ya nyumba badala ya kamati ya watu watano wanaojuana. Wanawake wawe nusu, kwa sababu wao ndio wako nyumbani wapimaji wanapokuja. Kanuni mbili ziandikwe kwenye katiba ya chama: hakuna mjumbe anayekutana na mwekezaji peke yake, na hakuna anayetia sahihi yoyote kwa niaba ya mtaa bila kikao cha wote. Nimeona kamati ikisambaratika kwa chakula cha mchana kimoja ambacho mwenyekiti alialikwa, asiwaambie wenzake.

Hatua ya 3: Jueni ardhi ni ya nani

Msidhani kila nyumba ya zamani ni ya kaunti. Kuna mitaa ya reli, ya polisi, ya serikali kuu, ya mashirika. Fanyeni utafutaji wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za ardhi uliozinduliwa 2021, au mtumie wakili afanye. Jibu la swali hili linaamua mtazungumza na nani, sheria ipi itumike na mlango upi mbishe.

Hatua ya 4: Kukarabati au kubomoa?

Mtaambiwa hakuna la kuchagua: nyumba zimechakaa, lazima zishuke. Pengine ni kweli. Lakini aliyesema hivyo amezikagua? Tafuteni mhandisi wa majengo, hata kijana wa mtaani aliyesomea kazi hiyo na kusajiliwa, apite nyumba kumi za mfano. Aangalie msingi, nyufa za kuta (ufa wa plasta si ufa wa ukuta), mbao za paa, mabomba ya majitaka kuanzia chooni hadi bomba kuu la barabarani. Ripoti yake ya kurasa nane itabadilisha mazungumzo yote.

Ukarabati bila kubomoa umefanyika kwingine tena kwa ukubwa. New York ina mamlaka ya nyumba za umma yenye fleti zipatazo 177,000, nyingi zikiwa zimezeeka. Kule Ocean Bay, Far Rockaway, mtaa uliopigwa na kimbunga Sandy mwaka 2012, majengo 24 yenye fleti karibu 1,400 yaliingizwa kwenye ubia mwishoni mwa 2016. Kampuni binafsi zikapewa ukarabati na usimamizi, ardhi ikabaki ya mamlaka, na kodi ya mpangaji ikaendelea kukokotolewa kama sehemu ya kipato chake, kwa kawaida asilimia 30. Haikuwa peponi. Wapo wapangaji na watetezi wa haki waliolalamikia kufukuzwa kwa watu chini ya wasimamizi wapya. Lakini wakazi hawakulazimika kutawanyika mji mzima ili paa litengenezwe.

Kwa nini basi Nairobi husikii ukarabati, unasikia kubomoa tu? Kwa sababu ya pesa. Kule serikali kuu inamlipia mpangaji tofauti ya kodi, kwa hiyo benki inaona pesa zinazoingia kila mwezi na inakubali kukopesha. Kwetu kodi ya nyumba za kaunti ni ndogo na hakuna anayejazia. Mwekezaji harudishi pesa zake kwa kodi ya elfu mbili au tatu. Anazirudisha kwa kuuza nyumba mpya mia nyingi juu ya ardhi ambayo hakuinunua. Ukilielewa hilo, utaelewa kila sentensi atakayoisema.

Ipo njia ya katikati, nami ndiyo ningeidai kwanza: kujenga kwa zamu. Mitaa mingi ya zamani ina uwanja au nafasi wazi. Jengo la kwanza lisimame hapo, familia za safu mbili za kwanza zihamie moja kwa moja, nyumba zao ndipo zibomolewe, na jengo la pili lipande mahali pake. Mtu anahama mara moja tu, kwa kuvuka barabara. Mwekezaji atasema inachelewesha kazi. Ni kweli, inachelewesha. Lakini ucheleweshaji huo anaubeba yeye, sio mama mwenye watoto watatu shuleni.

Kama mtaa una historia, isemeni kwa sauti. Ukumbi wa Kaloleni, kwa mfano, ulikuwa mahali pa mikutano ya wanasiasa enzi za kupigania uhuru. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaweza kulinda jengo au uwanja hata kama mengine yote yanabadilika.

Hatua ya 5: Shikeni kalamu mfanye hesabu

Hizi ni namba za mfano tu, wekeni zenu. Mtaa una nyumba 100. Mwekezaji anataka kujenga 1,200, kila moja ikimgharimu wastani wa shilingi milioni 2.5. Jumla ni bilioni 3. Akiwapa wapangaji wa zamani nyumba 100 bila malipo, zimemgharimu milioni 250, yaani kama senti nane katika kila shilingi ya mradi. Zinabaki 1,100. Akiziuza kwa wastani wa milioni 3.2, anapata bilioni 3.52. Toa bilioni 3 za ujenzi, inabaki milioni 520 kabla ya riba, kodi za serikali na matangazo.

Sasa angalia. Kwenye hesabu hiyo faida si kubwa kiasi cha kudai chochote mtakacho, wala si ndogo kiasi kwamba wapangaji 100 hawawezi kurudi bila kununua. Na kuna mstari mmoja ambao mwekezaji hakuulipa: ardhi. Ulizeni thamani yake imekadiriwa na nani, lini, na kwa kiasi gani. Ile ardhi ndiyo mchango wa umma kwenye ubia, na ninyi ni sehemu ya umma huo. Kaunti ikisema imepata nyumba kadhaa kama fungu lake, gawanyeni thamani ya ardhi kwa idadi ya nyumba hizo muone kama imeuza kwa bei ya kutupa.

Swali la pili la pesa hakuna anayeliuliza, nalo ndilo linaloweza kuwazika: je, mkataba unamruhusu mwekezaji kuweka hati ya ardhi rehani benki? Kama ndiyo, akishindwa kulipa na benki ikauza, haki yenu ya kurudi inamfunga mnunuzi mpya? Jibu liwe kwa maandishi.

Hatua ya 6: Ombeni habari kwa barua

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza jinsi. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo. Hakuna ada ya kuomba, ila unaweza kulipishwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na usikawie: hesabu siku 30.

Barua isiwe ya malalamiko. Iwe fupi namna hii:

*Kwa Afisa wa Habari, Serikali ya Kaunti. KUH: Ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016. Sisi wakazi wa mtaa wa ______ tunaomba nakala za: (1) tangazo la zabuni na jina la mshindi, (2) mkataba wa mradi pamoja na viambatisho vyake, (3) ripoti ya upembuzi yakinifu, (4) ukadiriaji wa thamani ya ardhi, (5) orodha ya wapangaji wanaotambuliwa na kaunti, (6) kumbukumbu za mikutano yote ya kushirikisha umma kuhusu mradi huu. Tunaomba nakala za kielektroniki zikiwepo.*

Ombi la tano ndilo kiini. Orodha yao ikifika, ilinganisheni na yenu nyumba kwa nyumba. Kila tofauti iandikiwe barua yake, tena wiki hiyohiyo.

Ubia wa aina hii una sheria yake ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2013. Muulizeni wakili kama mradi wenu umepitia humo au kwenye sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kwa sababu hatua na nyakati za kupinga zinatofautiana. Msipokuwa na pesa za wakili, nendeni Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikisaidia wasiojiweza tangu miaka ya 1970.

Hatua ya 7: Mkutano, kisha kura

Mikutano ya kushirikisha umma mnaijua. Hema, soda, hotuba tatu, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, na baadaye ile karatasi inakuwa ushahidi kwamba mlikubali. Kabla ya kutia sahihi, andika juu ya ukurasa: "Mahudhurio tu, si idhini." Hakuna anayeweza kukuzuia. Mwekeni katibu wenu anayeandika kila ahadi, nani kaitoa na saa ngapi, na mkutano ukiisha mtumieni kila mzungumzaji muhtasari huo kwa barua mkisema: msipousahihisha ndani ya siku 14, tutauchukulia kuwa sahihi.

Ushirikishaji wa wananchi ni sehemu ya maadili ya taifa kwenye kifungu cha 10 cha Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilieleza, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu. Hoja hiyo mnaweza kuibeba hadi kwenye nyumba zenu.

Hakuna sheria yetu inayodai kura ya wakazi kabla ya kubomoa. London wanayo: tangu Julai 2018, mradi mkubwa wenye kubomoa nyumba za umma hauwezi kupata fedha za meya mpaka wakazi wapige kura na wengi wakubali, na kuanzia miaka 16 mtu anapiga. Pigeni yenu hata kama haitakiwi. Sanduku, karatasi za siri, msimamizi kutoka nje ya mtaa kama padri, imamu au mwalimu mkuu, na swali moja lililo wazi. Kaunti haifungwi na matokeo hayo. Lakini ukienda mezani ukiwa na kura za nyumba 312 kati ya 340, hakuna atakayekuambia kwamba wewe ni mchochezi mmoja.

Hatua ya 8: Mkataba wa kurudi

Hapa tulieni, ulizeni kila neno. Mkataba uwe wa pande tatu: mpangaji, kaunti na mwekezaji. Hati ya maelewano kati ya chama na kaunti ni nzuri kwa kupigia picha, ila haitoshi. Kila familia iwe na karatasi yake yenye jina lake, na orodha ya majina yote iwe kiambatisho cha mkataba mkuu wa mradi, ili asiyelipwa na asiyerudishwa aweze kwenda mahakamani bila kuomba ruhusa ya mwenyekiti.

Kifungu kikuu kinaweza kusomeka hivi: *"Mpangaji aliyetajwa katika Kiambatisho cha Kwanza ana haki ya kurudi kwenye nyumba iliyomo ndani ya mradi, isiyopungua vyumba vya kulala ___ na mita mraba ___, ndani ya miezi ___ tangu siku aliyokabidhi nyumba yake. Muda huo ukipita, mwekezaji ataendelea kulipa kodi ya makazi ya muda kila mwezi hadi siku mpangaji atakapopewa funguo."*

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Bila hiyo, kuchelewa hakumgharimu mwekezaji chochote. Ongezeni dhamana ya benki inayotosha kodi ya mwaka mmoja wa kuchelewa, ili akifilisika kuwe na mfuko wa kuchota.

Kisha masharti ya bei. Mnarudi kama wapangaji au kama wanunuzi? Kama ni mpangaji-mnunuzi, yaani mnalipa kidogo kidogo hadi nyumba iwe yenu, bei imefungwa leo au itapangwa siku ya funguo? Malipo ni ya miaka mingapi, riba kiasi gani, na mzee wa miaka 74 asiye na mshahara atalipaje? Akifa katikati, mjane au mtoto anaendelea kwa masharti yaleyale? Liandikeni hilo la urithi kwa herufi kubwa.

Ulizeni pia ada ya huduma. Ghorofa ina lifti, pampu ya maji, taa za ngazi, mlinzi, uzoaji taka. Aliyekuwa akilipa kodi ya elfu tatu anaweza kudaiwa kiasi hicho au zaidi kwa huduma peke yake. Takeni makadirio ya miaka mitano ya kwanza, na kikomo cha kupanda kwake.

Na msisahau riziki. Mama wa mboga mwenye kibanda mbele ya nyumba yake hawezi kuuza nyanya ghorofa ya kumi na moja. Nafasi za biashara za chini, idadi yake na kodi yake, ziwekwe kwenye mkataba na zigawiwe kwa wenye biashara walioandikwa katika Hatua ya 1. Mnaona kwa nini niliwaambia muandike hata cherehani.

Hatua ya 9: Kuhama

Familia 48 za mtaa wa Pangani zilipewa shilingi 600,000 kila moja kuzisaidia kupanga kwingine kwa miaka miwili wakati nyumba zaidi ya 1,500 zikijengwa. Ukigawanya, ni 25,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa wakati ule kilitosha nyumba ya heshima. Tatizo la mkupuo ni kwamba unaliwa na karo, hospitali na mazishi. Ushauri wangu: pesa ya lori na ya amana itolewe mkononi, iliyobaki ilipwe kila robo mwaka, mapema, kwenye akaunti ya mpangaji mwenyewe.

Kuhusu muda, msiamini kalenda ya rangi ukutani. Wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za muda za Lang'ata mwaka 2009. Nyumba 822 zilikabidhiwa 2016. Dar es Salaam, kaya 644 za Magomeni Kota zilisubiri karibu miaka kumi hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipozikabidhi nyumba mpya Machi 2022. Hiyo yote ilikuwa miradi ya serikali, iliyokuwa na marais nyuma yake. Kwa hiyo mkiambiwa miezi 24, chagueni shule na nyumba ya muda kana kwamba ni miaka minne.

Siku ya kuhama, piga picha kila chumba na namba ya mlango. Kadi ya kodi usiitoe bila risiti, na ubaki na nakala. Chama kiwe na orodha mpya ya mahali kila mtu alikohamia na namba ya simu ya jamaa mmoja wa ziada, kisha mkutane kila baada ya miezi mitatu, hata kama hakuna jipya. Mtaa uliotawanyika bila vikao unakufa, na haki ya kurudi inakufa nao.

Hatua ya 10: Wakati wa ujenzi

Ombeni wakaguzi wawili wa chama waingie eneo la ujenzi mara moja kwa mwezi wakiwa na mhandisi. Bango la mradi lenye usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi liwe pale, na leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ionyeshwe. Kama leseni ilitolewa bila kuwasikiliza, rufaa kwenye Baraza la Mazingira ni ndani ya siku 60. Mapaa ya zamani ya asbesto yasivunjwe kwa nyundo na vijana wasio na barakoa huku familia zikiwa bado safu ya pili. Ni taka hatari na yana utaratibu wake wa kuondolewa na kufukiwa. Simamisheni kazi siku hiyo mkiona hivyo, kwa simu na picha.

Kama mlipata kifungu cha ajira kwa vijana wa mtaa, dai majina ya waliolipwa, sio asilimia.

Hatua ya 11: Funguo

Ugawaji wa nyumba ufanyike kwa kuchomoa karatasi hadharani, baada ya kutenga za chini kwa wazee na wenye ulemavu. Majirani wanaotaka kukaa safu moja waruhusiwe kuchomoa pamoja. Kama mnarudi kama wamiliki, Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inataka shirika la wamiliki wa jengo lisimamie maeneo ya pamoja. Gombeeni viti humo tangu mkutano wa kwanza, kwa sababu wanunuzi wapya watakuwa wengi kuliko ninyi, na ada ya huduma itapangwa na wanaohudhuria.

Usitie sahihi ya kupokea nyumba siku ya sherehe. Omba funguo kwa siku mbili za ukaguzi. Nenda na tochi, chaja ya simu na ndoo. Chaji simu kwenye kila soketi. Mwaga ndoo nzima kwenye sakafu ya bafu uone maji yanakimbilia shimo au mlangoni. Fungua na ufunge kila dirisha. Pima vyumba kwa futi, ulinganishe na mita mraba zilizo kwenye mkataba wako. Kisha mkubaliane na wa ghorofa zote za upande wenu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati mji mzima unaoga, kila mmoja afungue bomba lake kwa pamoja, na wa ghorofa ya juu kabisa apige simu aseme kama maji yamefika.